Mtani wangu hakulishwa sumu na mkewe. Bahasha ilitoka duka la dawa, Mikumi

Wakuu, nilikuwa nacheka.

Mtu anakata roho mbele yangu, saa tatu asubuhi, jua limeshatoka vizuri, kando ya barabara kuu pale Mikumi, na mimi nimesimama mkono kiunoni nacheka.

"Mhehe, amka bwana. Acha maigizo, gunia halijibebi lenyewe."

Wenzetu waliokuwa wanapakua vitunguu nao wakacheka. Mmoja akasema mpigieni mluzi, labda atadhani mbwa, kitoweo chake, amepita.

Selestini alikuwa amelala chali juu ya maganda ya vitunguu. Uso umekuwa rangi ya majivu, jasho linamtoka kama kamwagiwa ndoo. Macho yake yalikuwa yananitafuta mimi.

Akasema kwa sauti ndogo, "Mngoni, nipe kingine."

Nikaingiza mkono mfuko wa shati lake, nikatoa kichupa, nikampachikia kidonge chini ya ulimi kwa kidole hiki hiki ninachoandikia sasa.

Hakusema tena neno.

Sasa niwasalimu. Wakuu kwa wadogo, wakubwa shikamooni, wa rika langu habari za kazi. Nitakayoandika hapa yamenitokea mimi, si ya kusimuliwa. Pale nilipofanya ushenzi nitasema nilifanya ushenzi. Shule nimeishia la saba, na naandika kwa simu yenye kioo kilichopasuka, kwa hiyo herufi zikirukaruka mnivumilie. Majina nitayataja. Atakayeona nimemwonea aje aseme.

Turudi nyuma.

Mimi nimezaliwa kambi ya mkonge huku Kilosa. Baba alitoka Songea kuja kukata mkonge, akazeekea hapa, akazikwa hapa. Mashamba yalipokufa yakauzwa, sisi watoto wa kambini tukaambiwa sasa kila mtu ajitegemee. Ndiyo miaka ile ya ubinafsishaji na soko huria. Kila ukipita unaona kibanda kipya kimefunguliwa, kila mtu mfanyabiashara.

Selestini yeye baba yake alitoka Iringa kuja kufanya kazi ya reli. Tulikuwa majirani pale Mabwerebwere. Alinizidi kama miaka kumi na saba hivi. Mimi Mngoni, yeye Mhehe, na Mngoni na Mhehe ni watani.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya vijana mnaodhani utani ni wa timu za mpira tu. Utani wetu sisi ulikuwa na amri zake. Mtani anakutukana na hukasiriki. Anachukua jembe lako uani, unacheka. Akikupa kitu hukikatai, maana ukikataa umeonyesha unamwogopa. Na msibani mtani ndiye mwenye ruhusa ya kusema lolote mbele ya jeneza, na hakuna wa kumgusa. Shikeni hilo, maana ndilo linaloniumiza kuliko yote.

Kila asubuhi nilikuwa napita kwake.

"Shikamoo mtumwa wangu."

"Marahaba mla panya. Umelala au ulikuwa unatega?"

Ndiyo salamu zetu, miaka na miaka.

Kazi tuliyokuwa tunafanya ni vitunguu. Tunapanda milimani Lumuma, tunanunua shambani kwa wakulima wa mifereji, tunajaza magunia ya lumbesa, yale yanayofungwa na kilemba juu, tunashusha Kilosa. Kesho yake tunakodi pikapu tunapita njia ya Zombo hadi Mikumi, tunauza kando ya lami kwa madereva wa malori na abiria wa mabasi. Selestini alikuwa na mgongo. Lumbesa alikuwa anabeba peke yake, sisi tunabeba wawili wawili.

Halafu presha ikamkuta.

Hospitali wakampa vidonge vya kumeza kila siku. Baadaye kifua kikaanza kumbana akipanda kilima, wakamwongezea kichupa cha vidonge vidogo vya kuweka chini ya ulimi. Kikibana, weka kimoja, kaa chini, usubiri. Kisipoachia, weka kingine. Nilikuwa nayajua hayo maelekezo kuliko yeye.

Dawa zikiisha hospitali tulikuwa tunanunua duka la Fadhili, Mikumi.

Fadhili ndiye wa kwanza ninayemtaja.

Huyu bwana alikuwa mhudumu wa wodi. Kazi yake kusukuma vitanda na kumwaga mabakuli. Wakati wa kupunguza wafanyakazi akapunguzwa, akaja Mikumi akafungua duka la dawa baridi, akavaa koti jeupe, sote tukaanza kumwita dokta. Mimi mwenyewe nilimwita dokta. Kila mwezi Selestini alimpa daftari lake la hospitali, Fadhili analisoma kwa sauti, anavuta droo, anahesabu vidonge vya presha, anahesabu vya chini ya ulimi. Kwa hiyo asije akasema hakujua mteja wake anatumia nini. Alijua kuliko mke wa mteja.

Sasa ubaya ulipoanzia.

Siku moja tuko Lumuma, tumekaa kwenye ukingo wa mfereji tunachambua vitunguu vilivyooza. Selestini akaniambia bila kuniangalia:

"Mngoni, hizi dawa za presha zimeniua nusu."

"Nusu ipi?"

"Ya chini."

Wakuu, nilicheka mpaka nikadumbukiza ndoo kwenye mfereji.

Mke wake wa kwanza alishafariki. Alikuwa na mke wa pili, mama Editha, mwanamke kijana, mpole, mtoto wao mmoja mdogo. Mtu mzima anakwambia jambo kama lile, ina maana amelibeba mpaka limemshinda. Kwa daktari aliona aibu. Kwa mkewe aliona aibu. Mimi hakunionea aibu kwa sababu mimi ni mtani, kwangu jambo zito linapita kwa mlango wa mzaha.

Na mimi nililipokea kama mzaha.

Nikalipeleka kijiweni. Mwezi mzima nilimwandama. Akipita nawaambia watu, "Mwacheni mzee apite, betri zake zimeisha." Akinunua nyama namuuliza anampelekea nani na nguvu hana. Watu wanavunjika mbavu. Yeye anatukana panya zangu, anacheka, anaendelea na safari. Sikuona kwamba siku zile anacheka huku anaangalia chini.

Mwisho akasema mbele za watu, "Basi wewe mwenye mdomo, niletee dawa. Si Wangoni mnajifanya waganga?"

Hiyo kwa mtani ni amri. Nikaipokea.

Nikaenda kwa Fadhili peke yangu. Nikamweleza. Nilimtaja mtu kwa jina, wakuu. Nilisema ni kwa ajili ya Selestini, yule mzee wangu wa presha.

Akacheka. Akavuta droo ile ile ya dawa za Selestini, akatoa bahasha ya kaki. Unga wa kahawia. Akasema ni mkuyati, mizizi mitupu, haina kemikali.

Niliona chembe za bluu ndani yake. Nikamuuliza. Akasema, "Hayo ni magome ya mti wa Kongo. Wewe mwambie mzee asikimbie, aende mwendo wa kawaida."

Nikajaribu kwanza mimi mwenyewe. Kijiko kimoja kwenye chai. Uso ukapata moto, pua zikaziba, kichwa kikaniuma kidogo. Na kazi ilifanyika, siingii huko zaidi. Kesho yake nikaamka mzima. Nikasema dawa salama hii.

Bahasha iliyobaki nikampa Selestini. Mbele ya watu, na tambo juu. Angekataaje?

Alitumia jioni ile, nyumbani kwake, kwenye uji aliopika mama Editha. Mkewe hakujua chochote. Yeye alipika uji, basi.

Asubuhi nampitia. "Shikamoo mtumwa wangu." Wakuu, marahaba ile aliyoitikia ilisikika nyumba ya nne. Njia nzima kutoka Kilosa mpaka Mikumi anapiga mluzi. Alinishika bega akaniambia, "Mngoni, leo nakusamehe panya zako zote." Nilijisifu moyoni.

Tukafika, akabeba lumbesa la kwanza. La pili akalitua katikati ya njia akashika kifua. Akakaa. Akatoa kichupa chake akaweka kidonge, kama siku zote.

Siku zote akishaweka, dakika chache anainuka. Siku hiyo baada ya dakika chache akasema anaona giza. Halafu akalala.

Nikadhani anaendeleza utani. Nikadhani anataka niseme dawa imemzidi nguvu. Ndipo nilipokuwa nimesimama nacheka.

Yaliyofuata nimeshawaandikia.

Tulimpakia kwenye pikapu juu ya magunia, tukamkimbiza hospitali. Alipokelewa na daktari wa kike, mdogo kwa umri. Akamshika, akamsikiliza, akamfunika shuka mpaka usoni, akanigeukia.

"Kaka, jana na leo huyu mzee katumia nini?"

Nikasema dawa zake tu.

"Dawa zake tu?"

Akaniangalia bila kupepesa. Nikatoa bahasha. Ilikuwa mfukoni mwake, niliichukua mimi wakati tunampakia, kwa sababu ndani ya moyo nilishaanza kujua. Akamwaga unga kwenye kiganja, akaugawa kwa ncha ya kalamu, zile chembe za bluu akazikusanya pembeni. Akasema haya si magome. Hivi ni vile vidonge vya bluu vya wanaume ambavyo madereva wanapita navyo. Vimesagwa.

Nikamwambia lakini mimi nilitumia na niko hai.

Akasema, "Wewe huna kidonge cha chini ya ulimi."

Kisha akanieleza, na nitawaeleza nilivyoelewa, wataalamu mtarekebisha.

Mwilini kuna kitu kinaitwa naitriki oksaidi. Ni kama hewa, mwili unakitengeneza wenyewe kwenye kuta za mishipa. Kazi yake kuuambia mshipa legea, tanuka, damu ipite. Kile kidonge cha chini ya ulimi kinaleta hicho kitu kwa wingi na kwa haraka, ndiyo maana kifua kinaachia.

Mwili una njia yake ya kuizima ile amri, mshipa usilegee moja kwa moja. Sasa kidonge cha bluu kinaizuia ile ya kuzima. Na hakiishi na usiku, asubuhi bado kimo.

Mimi nikafikiria mifereji ya Lumuma. Maji ni yale yale, mfereji mmoja. Ukifungua mageti yote kwa pamoja, na mtu wa kufunga umemfunga kamba, maji yanatapakaa kila jaruba la chini, na la mwisho kule juu halipati hata tone. Selestini alikuwa na dawa za kila siku ambazo tayari zinashusha presha. Bluu ikamfunga kamba mfungaji. Kidonge cha kwanza kikafungua mageti yote. Kichwa kikakosa, moyo wenyewe ukakosa.

Mimi nikaongeza cha pili.

Nikamwambia yule daktari hilo pia. Akasema neno moja ambalo nalisikia mpaka leo.

"Angeniambia tu kwamba dawa zimempunguza nguvu, ningembadilishia. Ziko nyingine. Si yeye wa kwanza."

Ningembadilishia. Basi, ni hilo tu.

Akataka nirudi baada ya mazishi niandike maelezo ya duka. Nikaitikia. Sikurudi.

Sikurudi kwa sababu jioni ile nilikwenda kwa Fadhili. Nilikwenda kumpiga. Chumba cha nyuma nikakuta kinu, na karatasi za vidonge zimetobolewa chini sakafuni. Hakutetemeka. Akasema, "Bahasha aliibeba nani? Kidonge cha pili alikiweka nani? Nenda kaseme, Mngoni. Tutakwenda wote, ila wewe utatangulia."

Nikageuka nikatoka.

Wa pili ninayemtaja ni bwana afya wa wakati ule, Ngwale. Huyu kila alipokuja kukagua alikaa kwenye kiti cha Fadhili anakunywa soda. Droo ile hakuwahi kuivuta. Angeivuta mara moja tu.

Wa tatu ni Kalistusi, kaka mkubwa wa marehemu, aliyekuja kutoka Iringa. Alifika msibani hajakaa hata kwenye mkeka akauliza, "Alikula nini mara ya mwisho, na kwa mkono wa nani?" Wakamwambia uji. Wakamwambia mke kijana. Hakutaka kusikia zaidi.

Wa nne ni mimi.

Msibani mtani nilikuwa mimi. Jeneza liko uani, watu wamejaa, mama Editha amekaa chini ameshika mtoto, na wale ndugu wa mume wameshaanza kumwita muuaji wazi wazi. Wazee wakasema mtani asimame.

Wakuu, ile ndiyo nafasi. Ningesema lolote. Ningesema ni mimi niliyeleta bahasha, ni Fadhili aliyesaga, uji ulikuwa uji. Na kwa mila hakuna mkono ambao ungeinuliwa juu yangu. Nilipewa ruhusa na mababu wa pande mbili.

Nikasimama. Nikasema, "Huyu Mhehe ameona zamu yake ya kunishikamoo imefika, akaamua kukimbia."

Watu wakacheka huku wanalia. Nikakaa.

Nilijiambia nalinda heshima ya marehemu, asije akachekwa kwamba amekufa kwa kutafuta nguvu. Uongo. Nilikuwa nalinda ngozi yangu.

Baada ya arobaini walimtoa mama Editha kwenye nyumba ile ya Mabwerebwere. Kalistusi mwenyewe alibeba godoro akalitupa nje. Mwanamke akamfunga mtoto mgongoni, akashika beseni, akaenda kwa mama yake Zombo. Nilikuwa nimesimama kwenye ukuta wangu naangalia. Aliponipita akasema, "Kwaheri shemeji." Kwa adabu zake zile zile.

Miaka imepita zaidi ya ishirini. Sumu ndilo jina lake huko alikokwenda. Hakuolewa tena, nani amuoe. Akipika msibani watu hawali. Editha alichumbiwa, ndugu wa mwanaume walipouliza ukoo wakarudi nyuma.

Na mimi sasa ni mgonjwa wa presha. Nimefika umri wa Selestini na nimempita. Natumia dawa za kila siku, na kichupa kile kile ninacho mfukoni.

Mwezi uliopita nimekaa benchi la kliniki, mwanamke akakaa pembeni yangu. Mvi tupu. Akanisalimia shemeji. Alikuja na yeye kwa presha.

Akauliza, "Shemeji, asubuhi ile wewe ulikuwa naye. Uji wangu ulikuwa na nini?"

Mnasikia hilo swali? Miaka yote hiyo mtu alikuwa anajiuliza labda alichemsha maji mabaya. Labda unga ulikuwa na kitu.

Nikamwambia yote. Pale pale kwenye benchi, watu wanaitwa majina na nesi. Bahasha, bluu, kidonge cha pili, msiba, godoro. Nilitegemea anitemee mate. Ningefurahi.

Jina lake likaitwa. Akainuka, akashika daftari lake, akasema:

"Mimi umeniambia, nimesikia. Sasa kawaambie wao."

Ndiyo maana uzi huu upo.

Kwa mnaotumia dawa za presha au za kifua: dawa zikikupunguza nguvu, mwambie daktari kwa mdomo wako, hatacheka. Usiache dawa mwenyewe kwa sababu ya kusoma hapa. Na ukiwa na kidonge cha chini ya ulimi, usiguse mkuyati wa bahasha, wala unga, wala asali ya nguvu, wala kidonge cha bluu hata ukipewa bure. Hujui nani kasaga nini ndani. Ukishakosea ukatumia, kifua kikibana usijiwekee kile cha ulimi, kimbia hospitali uwaambie ulichotumia na saa uliyotumia. Aibu itapita.

Mnaojua sheria nisaidieni hapo chini, jambo kama hili naanzia wapi baada ya muda wote huu. Niko tayari kuandika yale maelezo niliyoyakimbia. Wanaotaka kunitukana watukane, nitasoma yote, sitamjibu mtu vibaya.

Kalistusi, kama uko hai, au watoto wako wanaosoma humu: nendeni Zombo mkapige magoti. Nyumba ile ni ya mama Editha.

Ngwale nasikia umestaafu, unafuga. Eleza ulikuwa unakagua nini.

Na wewe Fadhili. Nasikia sasa una maduka mawili pale Mikumi na watoto wako wamesomea dawa kweli kweli. Walioko Mikumi mchapeni uzi huu mumpelekee kaunta. Sitaki hela yako na sitaki kukuona. Nataka ujibu jambo moja kwa watu wote: daftari la yule mzee ulilisoma kwa mdomo wako kila mwezi, na bahasha ukaitoa droo ile ile. Ulijua au hukujua?

Mimi naitwa Raymondi, muuza vitunguu, Mabwerebwere. Nimeshasema changu. Mwanamke yuko Zombo anasubiri chako.